Nunua mtungi kabla ya bunduki

Kila theluji ikiyeyuka hapa Minnesota vijana wetu wanaanza kuulizana bunduki gani ya peintiboli, ule mchezo wa kupigana kwa risasi za rangi, ni kali, huyu anasema ile, yule anasema hapana ya kwangu inapiga zaidi, na sisikii hata mmoja anauliza habari ya mtungi, ile chupa ya hewa inayofungwa kwenye bunduki na kusukuma risasi. Mimi msimamo wangu ni huu, kama una dola mia mbili za kuanzia mchezo, kodisha bunduki ya uwanjani na hela yako iweke kwenye mtungi wa hewa. Bunduki utabadilisha tu, miaka miwili haiishi mtu ashatamani nyingine, lakini mtungi unahama na wewe kwa sababu thredi ya kuufungia ni ile ile karibu kwa kila bunduki. Alafu sababu ya pili, ambayo kwangu ndo nzito: kwenye begi lako lote, mtungi ndo kitu pekee kinachoweza kuua mtu hata siku ambayo hakuna anayecheza.

Kwanza tumalizane na mitungi ya CO2, ile gesi ya kaboni dioksidi inayotumika badala ya hewa, maana bado kuna watu wanauziwa kwa sababu ni bei rahisi. Mchezo wenyewe ulianza nayo, mwaka 1981 kule Henniker, New Hampshire, watu 12 waliingia msituni na bunduki za Nel-Spot 007, zile za kuwekea alama miti na ng'ombe, na zilikuwa zinatumia vichupa vya CO2 vya gramu 12. Sawa, ndo kilichokuwepo. Lakini ndani ya mtungi wa CO2 kuna kimiminika, kama mtungi wa gesi wa jikoni, ukiutikisa unasikia kitu kinacheza, na presha yake inafuata hali ya hewa. Kwenye nyuzi joto 21 hivi inakuwa kama psi 850 (psi ni kipimo cha presha), kukiwa na baridi inashuka, jua likiwaka inapanda, na ukipiga haraka haraka mtungi wenyewe unapoa na risasi zinaanza kuangukia njiani. Sasa fikiria Oktoba ya huku, umepima spidi ya bunduki asubuhi na baridi, viwanja vingi wanataka usizidi futi 280 mpaka 300 kwa sekunde, ukafungua skrubu kidogo ili ifike, saa saba mchana jua limetoka na bunduki yako inapiga zaidi ya ulichopimiwa na hujui, na mbele yako kuna mtoto wa mtu. Hapo sijataja kile kimiminika kikiingia kwenye bunduki ya umeme, ile ya betri, kinavyoharibu. Mtungi wa hewa una regulata, kile kichwa cha kudhibiti presha, inayotoa presha moja muda wote, asubuhi na mchana bunduki ni ile ile. Kwangu hilo swali limefungwa.

Haya, mtungi upi sasa. Namba mbili zinaandikwa pamoja, kwa mfano 48/3000 au 68/4500, ya kwanza ni ukubwa kwa inchi za ujazo na ya pili ni presha ya juu kabisa kwa psi. Wachezaji wana hesabu yao ya haraka, zidisha hizo mbili alafu gawa kwa 300, unapata makadirio ya risasi. 48/3000 inakupa kama 480, 68/4500 inakupa kama 1,020, 77/4500 kama 1,155. Bunduki ikiwa mlafi wa hewa utapata chini ya hapo, ikiwa ya kisasa utapata zaidi, lakini hesabu inatosha kukuongoza dukani. Hopa ya kawaida, lile kopo la risasi juu ya bunduki, inabeba risasi kama 200, kwa hiyo mtu wa 48/3000 ana hopa mbili na kidogo kabla ya kurudi kwenye kompresa.

Ile ya 3000 ni alumini, ya 4500 ni kaboni faiba. Watu wanadhani mtungi mkubwa lazima uwe mzito, hapana, ya 68 ya kaboni inabeba hewa mara mbili na zaidi na uzito wake mara nyingi hauzidi ule wa 48 ya alumini. Tofauti iko kwenye bei, alumini unaweza kuipata kwa dola 50 au 70, kaboni andaa 150 kwenda juu. Mimi nasema hivi, ukicheza mara mbili kwa mwaka na washkaji wa kazini chukua alumini na usimsikilize mtu. Ukicheza kila mwezi nunua 68/4500 moja kwa moja, usipite kwenye alumini kwanza maana hiyo hela ya alumini itakuwa imeenda. Ile ya 77 naona ni ya watu wenye miili mikubwa, mtungi ndo unakaa begani kama kitako cha bunduki na mtu mfupi akiuvaa jicho linashindwa kukaa sawa kwenye shabaha, kwa hiyo ushike kabla ya kununua.

Ila kabla ya yote piga simu uwanjani uulize kitu kimoja: kompresa yenu inajaza mpaka ngapi? Kuna viwanja wanaishia 3000, na ile 68 yako pale inakuwa na risasi 680 sio elfu. Bado ni zaidi ya 480, lakini ujue kabla hujatoa pesa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naliona linapuuzwa na linaniumiza kichwa kweli, tarehe. Kila mtungi una tarehe ya kutengenezwa, mwezi na mwaka, kwenye alumini imegongwa kwenye bega la chupa na kwenye kaboni iko kwenye lebo iliyofunikwa na gundi ngumu. Kwa sheria za Marekani mitungi hii inapimwa kwa maji kila baada ya miaka mitano, watu wanaita haidro, na ya kaboni hata ipimwe vipi mwisho wake kwa kawaida ni miaka 15. Yaani kaboni ya 2010 ilikufa 2025, haijalishi inang'aa namna gani. Na ndo hizo unakuta zinauzwa mtandaoni dola 40, picha nzuri, muuzaji anasema haijatumika sana, kijana anaona kaokota dodo, anafika uwanjani wanakataa kumjazia, na wanafanya vizuri kukataa. Muuzaji asipokutumia picha ya tarehe achana naye. Hata alumini iliyopitiliza miaka mitano, jumlisha gharama ya haidro na usafiri wa kupeleka, unakaribia bei ya mpya.

Kingine kwenye lebo ni muhuri wa nchi. Marekani ni DOT, Canada wanataka TC, hizo ni alama za idara zao za usafirishaji, Ulaya wanataka alama ya pai (π) na wao wanahesabu kwa lita na ba (bar, kipimo chao cha presha), ile 68/4500 kwao ni lita 1.1 ya ba 300. Ndugu yako wa Toronto akikwambia umnunulie huku kwa sababu ni rahisi, angalia kwanza kama TC ipo, mitungi mingi ina yote mawili lakini sio yote.

Regulata sitakaa nayo sana. Bunduki za kimekanika kama Tippmann 98 zinataka ile ya kawaida inayotoa psi 800 hivi, bunduki nyingi za umeme zinafurahia ya chini, 450 kushuka. Zipo regulata za kubadilisha kwa hiyo kama hujui utaishia na bunduki gani chukua hizo.

Matunzo ndo hapa nataka mtu anisikie. Usiweke mafuta kwenye nipeli ya kujazia, hata tone, hata grisi ya kawaida, hewa ya presha kubwa ikikutana na mafuta inaweza kuwaka moto ndani. Jaza taratibu, ukijaza haraka hewa inapata joto, geji inasoma 4500, ukitoka pale ikipoa unakuta 4000 na unadhani umeibiwa. Alafu unapoutoa mtungi kwenye bunduki hakikisha regulata inazunguka pamoja na chupa. Chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaopita kwenye regulata na kwenye chupa, mstari ukiachana maana yake regulata inafunguka kutoka kwenye chupa, simama hapo hapo na umwite fundi. Hapa Marekani watu wamekufa kwa chupa ya CO2 iliyochomoka kwenye valvu ikaruka, na aliyekufa si lazima awe yule aliyeishika.

Wanaotaka kuupeleka nyumbani likizo, kwenye ndege za huku mtungi unapita tu ukiwa mtupu na regulata imetolewa kabisa ili mkaguzi aone ndani, na kuitoa sio kazi ya sebuleni, mpelekee fundi. Ukifika swali ni nani atakujazia. Kama unaenda pwani, Diani, Mombasa au Zanzibar, watu wa kupiga mbizi wana kompresa, ila mitungi yao mingi ni ya ba 200 mpaka 232, ambayo ni psi 3000 na kidogo tu, kwa hiyo kwa safari hiyo alumini inatosha kabisa na kaboni yako iache huku. Uende na adapta ya kujazia, na waambie unataka hewa ya kawaida, nitroksi, ile iliyoongezwa oksijeni, hapana.