Mkataba wa Anga Usiishie Mji Mkuu

Kila nchi mbili zinapotia saini nyongeza ya mkataba wa huduma za anga, taarifa hutangulizwa na idadi: safari zilikuwa saba kwa wiki, sasa zitakuwa kumi na nne. Makofi hupigwa. Mimi huwa nasubiri jambo jingine ambalo mara nyingi halitajwi: ndege hizo zitaruhusiwa kutua wapi?

Wengi hudhani shirika likiwa na ndege na abiria, basi linaruka kwenda litakako. Haiko hivyo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, na ndege ya ratiba kutoka nje haiingii bila ruhusa. Ndiyo maana nchi hukaa mbili mbili kujadiliana. Kielelezo kilichoigwa miaka mingi ni makubaliano ya Marekani na Uingereza yaliyofikiwa Bermuda mwaka 1946, ambamo serikali zilijipa sauti hata kwenye nauli. Mikataba mingi bado ina tabia hiyo: inataja mashirika yaliyoteuliwa, idadi ya safari, na miji.

Kwenye miji ndipo utalii unapokwama. Mtalii hasafiri ili aone majengo ya wizara. Anafuata ufukwe, mlima, mji wa kale, na vitu hivyo mara nyingi viko mbali na makao makuu ya serikali. Mkataba ukiruhusu kiwanja kimoja tu, atashuka hapo, atasubiri ndege ya ndani, pengine atalala hapo hapo, kisha aendelee kesho yake. Mwenye likizo ya siku saba tayari amepoteza mbili njiani. Niliwahi kusafiri hivyo na mzazi wangu mzee. Tulifika ufukweni tumechoka kiasi kwamba safari ya kurudi ilianza kututisha kabla hatujalowesha miguu. Hakutaka kurudi tena huko, wala simlaumu.

Tazama Moroko. Mwaka 2006 ilitia saini mkataba wa anga huria na Umoja wa Ulaya, yaani mashirika ya pande zote mbili kuachiwa yachague miji na idadi ya safari, na mashirika ya nauli nafuu yakaanza kumiminika. Msafiri wa Ulaya akaweza kuruka moja kwa moja hadi Marrakech au Fès bila kupitia Casablanca. Mwenye nyumba ya wageni ndani ya mji wa kale hakuhitaji tena kungoja mabaki ya wageni wa mji mkubwa.

Najua hofu iliyopo, nami siidharau: shirika la taifa lina wafanyakazi na fedha za umma, na mlango ukifunguliwa wazi linaweza kumezwa na wakubwa. Lakini Uholanzi ilikuwa na kila sababu ya kuogopa hivyo. Ni nchi ndogo, soko lake la ndani la ndege ni kama halipo, na bado mwaka 1992 ikawa ya kwanza kukubaliana na Marekani kufungua anga. Mwaka uliofuata KLM, shirika la ndege la Uholanzi, na Northwest la Marekani waliruhusiwa na serikali ya Marekani kushirikiana kwa kiwango ambacho sheria za ushindani zingekizuia, na abiria wa pande zote wakaunganishwa kupitia Schiphol, kiwanja cha ndege cha Amsterdam. Kulilinda shirika kwa kuwafungia wageni viwanja vya mikoani, ambako lenyewe pengine halipeleki ndege ya kimataifa hata moja, naona ni hasara tupu: shirika halipati abiria, na mkoa haupati wageni.

Tozo zinazobebeshwa tiketi nazo zitazamwe, maana nauli nafuu hufutwa na makato yake.

Na kuna viza. Ndege inakwenda na kurudi. Kama raia wa nchi moja wanaingia kwa urahisi huku wa nchi ya pili wakidaiwa rundo la karatasi na wiki za kusubiri, shirika linakuwa linategemea abiria wa upande mmoja, na msimu wao ukipita viti vinabaki wazi. Baada ya muda njia hupunguziwa safari, kisha hufungwa, na mkataba unaendelea kusomeka safari kumi na nne kwa wiki. Hivyo wajumbe wa uhamiaji ningependa kuwaona wameketi katika mazungumzo ya anga tangu siku ya kwanza, pamoja na wenye hoteli na waongoza watalii wa miji ile ambayo haijaandikwa.