Fremu ya picha imekufa? Hebu subiri kidogo

Fremu yetu ya picha, ile ya kidijitali inayovuta picha mtandaoni, haikuharibika. Kioo kizima, adapta inafanya kazi, hata kile kimguu cha nyuma hakijalegea. Kilichokufa ni sava ya kampuni iliyoiuza. Huduma ilipofungwa, fremu ikabaki kuzungusha kiduara usiku na mchana ikitafuta mtandao, hadi Mama akachoka akaifunika kitambaa.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kitu nimekilipia, kiko mezani kwangu, halafu anayeamua kama kitawaka ni mtu mwingine kabisa?

Ukiifungua fremu utakuta kompyuta ndogo tu. Chukua Parrot DF3120 ya Ufaransa: kioo cha inchi 3.5, pikseli 320 kwa 240, RAM ya MB 8. Mholanzi Jeroen Domburg, anayejulikana zaidi kama Sprite_tm, aliipandikiza Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, na ikakubali. MB 8! Simu ya GB 4 ina RAM mara mia tano na zaidi, na bado tunalalamika kwamba inakwama.

Mimi hata hivyo navutiwa zaidi na vile vifremu vya kuning'iniza kwenye funguo, vyenye chipu ya AX206. Hakuna anayejisumbua kuviwekea Linux, maana havina ubavu huo. Watundu walivibadilishia programu ya kiwandani vikawa skrini za USB, na kompyuta yenye lcd4linux, programu ya kuonyesha taarifa kwenye vioo vidogo, huvichorea joto la prosesa au nafasi iliyobaki kwenye diski. Kazi moja, tena ndogo, na vinaiweza. Wengi wanaoshindwa na fremu kuukuu ni wale wanaotaka icheze video, ijibu sauti na ipike chai.

Yangu ilikuwa na Android 6. Niliichomeka waya, nikaingia kwa adb, zana ya kuiamuru Android kutoka kwenye kompyuta, nikaweka programu inayofungua ukurasa mmoja tu, kioo kizima. Najua wapo watakaosema huko siyo kuflashi, yaani kufuta programu ya kiwandani na kuweka nyingine. Sawa. Lakini fremu za namna hii mara nyingi zina kioo na waifai zinazotegemea draiva (programu za kuviendesha vifaa hivyo) ambazo kiwanda hakikuzitoa hadharani, na sina haja ya Linux safi juu ya kioo cheusi. Ukiamua kuflashi, kwanza chukua nakala ya programu ya kiwandani. Usiponisikia hapo, tutaonana kwa fundi.

Jambo moja silifanyii mzaha: Android 6 ni ya mwaka 2015 na haipati tena viraka vya usalama. Kwa hiyo nimeizuia fremu isiingie kabisa kwenye intaneti. Inazungumza na Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoko juu ya kabati, basi.

Ukurasa wenyewe una nyakati za sala, na chini yake saa za maji kujaa na kupwa. Kaka yangu ni mvuvi. Siku hizi huitupia jicho kabla hajabeba nyavu, ajue ni bamvua au maji mafu, ingawa anasisitiza kwamba alikuwa anajua tangu zamani.

Mama aliondoa kitambaa, akavaa miwani, akasoma yote polepole.

"Vizuri, mwanangu. Na picha za harusi ya dadako umezipeleka wapi?"

Nimezirudisha. Zinapita baada ya kila sala.