Kete 64 na swali la "kwa nini"

Jioni moja barazani, wazee wakiwa wameondoka kwenda kuswali, mpwa wangu wa darasa la sita alibaki akichezea kete za bao. Nikamwambia aweke kete moja, aongeze 3, kisha 5, kisha 7, na kila mara ahesabu jumla yake. Akapata 1, 4, 9, 16. "Mjomba, si ndizo zile za 2 mara 2, 3 mara 3?" Ndizo. Akaendelea hadi alipoongeza 15, na kete zote 64 za bao zikawa zimekwisha, 8 mara 8 kamili. Akaniambia kwa furaha kwamba basi ni hivyo siku zote: ukijumlisha namba witiri kwa mfuatano kuanzia 1, lazima upate namba iliyozidishwa kwa yenyewe.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema amejaribu mara nane na haijakosea.

Katika mambo mengi jibu hilo linatosha. Mvuvi aliyeiona kaskazi ikirudi kila mwaka ana haki ya kupanga safari zake kwa kuitegemea. Lakini namba hazina mwisho, na mbele ya kitu kisicho na mwisho, majaribio nane na majaribio milioni nane ni sawasawa: yaliyobaki hayajapungua.

Kuna kanuni moja ninayopenda kuwaonyesha vijana. Chukua namba yoyote, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ileile, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41. Ukichukua 1 unapata 43, halafu 47, 53, 61. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliitaja kanuni ya aina hii mwaka 1772. Ijaribu kuanzia 0 hadi 39 na mara zote 40 utapata namba tasa. Nani asingeamini? Ukifika 40 unapata 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Kanuni imevunjika.

Na wala haikuvunjika kwa bahati mbaya. Panga kete 40 mara 40, kisha ongeza kete 40 nyingine ubavuni. Sasa una mistari 40 yenye kete 41 kila mmoja. Zile 41 za mwisho zinakuwa mstari mmoja zaidi, na umepata mraba kamili wa 41 kwa 41. Ukishaliona hilo, huna haja ya kuhesabu chochote.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Shuleni tunafundishwa uthibitisho kana kwamba ni muhuri wa kugongwa juu ya jambo ambalo mwalimu ameshatuambia ni kweli. Mimi mwenyewe nilikariri mstari kwa mstari uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Niliuandika kwenye mtihani nikapewa alama zote, na sikuwa nimeelewa hata mstari mmoja. Lilikuja kunifungukia miaka mingi baadaye, nikasikia uchungu kwa muda uliopotea. Kazi ya uthibitisho ni kujibu "kwa nini". Asiyeuliza swali hilo hana anachothibitisha, na mtoto anayenyamazishwa anapouliza "kwa nini" amenyimwa hisabati yenyewe, hata akipata alama 100.

Ndiyo maana wanahisabati ni wagumu kuridhika. Mwaka 1742 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia Euler barua, na katika mazungumzo yao likazaliwa dai kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimelikagua dai hilo hadi kupita bilioni nne mara bilioni moja bila kukuta kasoro. Bado halihesabiwi kuwa limethibitishwa, na naona ni haki.

Lililo gumu zaidi kwangu ni la rangi nne. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walithibitisha kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote ya bapa, mradi kila nchi iwe kipande kimoja, bila nchi mbili zinazopakana kupata rangi moja. Walitumia kompyuta kukagua maumbo zaidi ya elfu moja. Wengi walinung'unika, na mwaka 2005 mwanahisabati Georges Gonthier alitumia programu ya kompyuta kuhakiki uthibitisho mzima wa dai hilo, hatua kwa hatua. Naukubali. Sina shaka kwamba ni kweli. Ila kila ninapotazama ramani ya Afrika iliyopakwa rangi, bado natamani mtu anionyeshe sababu ambayo kichwa kimoja cha binadamu kinaweza kuibeba.

Turudi barazani. Nilimwomba mpwa wangu aupange ule mraba wa 3 kwa 3 na aniambie anahitaji nini kuufanya wa 4 kwa 4. Akaweka 3 ubavuni, 3 juu, na moja kwenye kona. Akaukodolea macho. Pande mbili zinalingana daima, na kete ya kona haina mwenzake, kwa hiyo kinachoongezwa ni witiri kila mara, na kila mara kinazidi kilichotangulia kwa 2.

Akazichanganya kete akaanza upya peke yake: 2, halafu 4, halafu 6. Safari hii ukawa mstatili, mistari 3 ya kete 4. Nikamuuliza tena amejuaje kwamba itaendelea hivyo. Hakuhesabu. Alipitisha kidole ubavuni, akapanda juu, akakishusha kwenye kona. "Upande mmoja umepungukiwa moja," akasema, "na hii ya kona inakwenda kuusawazisha. Haiwezi kukataa, mjomba."