Waliomwokoa Barry Allen Ni Waliothubutu Kumkatalia

Mazungumzo ya mashabiki wa The Flash, tamthilia ya Marekani ya shujaa mkimbiaji Barry Allen, yakifika kwenye msimu wa tatu, hukumu huwa ni ileile: hapo ndipo tamthilia ilipoanza kuporomoka. Sababu zao nimezisikia hadi nimezikariri. Barry analia mno. Adui ni mkimbiaji tena, wa tatu mfululizo. Na wale marafiki wa maabara, ambao misimu miwili walikaa kwenye kompyuta wakimwelekeza Barry kupitia kifaa cha sikioni, sasa wanapata nguvu zao wenyewe, mpaka stelingi anakuwa mmoja kati ya wengi. Mimi nauona msimu huo kuwa bora kuliko misimu yote tisa, na ubora wake umo humohumo wanamolalamikia watu.

Nitaeleza hadithi pamoja na mwisho wake, kwa hiyo anayepanga kuitazama aishie hapa.

Barry Allen anafanya kazi katika maabara ya polisi ya Central City. Mama yake, Nora, aliuawa nyumbani usiku mmoja wa mwaka 2000, Barry akiwa na miaka 11, na baba yake, Henry, akafungwa kwa kosa hilo ambalo hakulitenda. Mtoto akalelewa na askari Joe West pamoja na binti yake, Iris. Ukubwani, usiku ulipolipuka mtambo wa maabara ya S.T.A.R. Labs, radi ilimpiga Barry, akalala miezi tisa bila fahamu, na alipozinduka akawa na kasi isiyo ya binadamu. Hayo ni ya msimu wa kwanza, ulioanza Oktoba 2014. Mwishoni mwa msimu wa pili adui aitwaye Zoom anamuua Henry mbele ya macho ya mwanawe. Matanga hayajaisha vizuri, Barry anakimbia kurudi mwaka 2000 na kumzuia muuaji wa mama yake.

Nani asingefanya hivyo? Ndilo swali linaloniuma kila ninapoitazama sehemu hiyo, maana simlaumu hata kidogo kwa kutamani. Anaishi miezi michache na wazazi wake wote wawili. Kisha kumbukumbu zake za zamani zinaanza kufutika, Wally West, ndugu yake Iris, anajeruhiwa vibaya, na Barry anajikuta analazimika kumwachia muuaji arudi kuikamilisha kazi yake. Anarudi kwao akidhani amerudisha kila kitu mahali pake. Hakuna kilichorudi sawasawa. Iris na Joe hawasemezani. Dante, kaka yake Cisco, mmoja wa wale marafiki wa maabara, amekufa kwa kugongwa na dereva mlevi. Vidole vya Caitlin, rafiki mwingine wa maabara, vinaanza kutoa barafu. Barry anataka kukimbia tena ili arekebishe, lakini Jay Garrick, mkimbiaji mwenzake, anamkamata njiani na kumkalisha kwenye mgahawa wa mwaka 1998, anamwonyesha kikombe kilichovunjika: utagundisha vipande, lakini nyufa zitabaki.

Sasa tazama nguvu za marafiki zinatoka wapi. Za Cisco, za kuona mbali na kufungua njia kati ya dunia na dunia, zilianza zamani. Lakini za Caitlin zinaibuka katika dunia aliyoivuruga Barry, na za Wally anarudishiwa na Savitar, anayejiita mungu wa kasi, kwa sababu alikuwa nazo katika ile dunia iliyofutwa. Hakuna aliyeulizwa kama anazitaka. Ni deni la Barry likionekana kwenye miili ya watu anaowapenda, na ndiyo maana siwezi kukubali hoja kwamba waandishi waligawa nguvu ovyo ili kila mwigizaji apate vazi lake.

Nimekulia kwenye vibanda umiza, na huko kanuni za sinema zilikuwa mbili. Ya kwanza, stelingi hafi. Ya pili, rafiki wa stelingi kazi yake ni kufa katikati ya picha, ili stelingi apate hasira ya kumalizia. Hatukuiuliza maswali kanuni hiyo ya pili. Rafiki akipigwa risasi huku akitaja jina la mchumba wake, sote tulijua adui amekwisha. Msimu wa tatu wa The Flash ni hadithi ya kwanza niliyoiona ambamo adui mwenyewe anaijua kanuni hiyo na anaitumia kama mpango wa vita. Savitar anataka kumuua Iris. Iris hajamkosea lolote. Anamtaka afe kwa sababu uchungu wa Barry ndio utakaomzaa yeye.

Savitar ni Barry. Katika wakati ujao ambao Iris ameuawa, Barry anajitengenezea nakala zake ili apigane na Savitar, na zote zinauawa isipokuwa moja. Hiyo moja inabaki na uso ulioungua na kumbukumbu zote za Barry: mama, baba, Joe, Iris. Inawaendea marafiki. Wanaikataa, kwa kuwa kwao Barry wa kweli ni yule mwingine. Katika upweke huo anafikia uamuzi wake, kwamba mungu haumizwi, kwa hiyo atakuwa mungu.

Wengi husema Savitar ni Barry aliyeharibiwa na nguvu. Sikubaliani. Kasi anayo tangu msimu wa kwanza na haikumfanya mkatili. Na huzuni pekee haitoshi kueleza, maana Joe anazika, Cisco anazika, Iris anahesabu siku za kifo chake mwenyewe, na hakuna kati yao anayegeuka hivyo. Kinachomtoa Savitar kwenye ubinadamu ni kuamini kwamba uchungu wake ni mkubwa kuliko wa wengine wote, kwa hiyo maisha ya wengine ni mali yake ya kutumia. Na mbegu ya imani hiyo tuliiona siku ileile Barry alipokimbia kwenda kumwokoa mama yake bila kumuuliza mtu yeyote. Alilia alipofanya hivyo, nasi tukalia naye. Lakini dunia nzima aliigeuza peke yake.

Ndiyo maana Cisco ni mtu muhimu sana katika msimu huu. Alimsihi Barry arudi nyuma amwokoe Dante, Barry akakataa, na kwa mara hii alikuwa sahihi kukataa. Ila alimficha kwamba kabla ya safari yake Dante alikuwa hai. Cisco anakuja kuujua ukweli wakati wa uvamizi wa Dominators, viumbe kutoka anga za mbali, kwenye vipindi vilivyounganishwa na tamthilia nyingine mwishoni mwa 2016. Hasamehi papo hapo. Anamwambia Barry wazi kwamba hajui kama urafiki wao bado upo, halafu anaendelea kufanya kazi karibu naye akiwa na hasira yake. Napenda sana kwamba waandishi hawakuharakisha hapo. Baadaye Cisco anasafiri hadi mwaka 1951, anamhurumia Dominator aliyekamatwa na kumfungulia, kisha anagundua kwamba huruma yake nayo imegusa historia. Ni baada ya yeye mwenyewe kuonja uzito wa kugeuza wakati ndipo anapomwelewa Barry. Na wavamizi wanapotaka Barry akabidhiwe kwao, naye yu tayari kwenda, Cisco ni mmoja wa wanaomzuia.

Asiye na nguvu yoyote angeweza kumsamehe Barry pia. Lakini Cisco anamsamehe kama mtu wa kimo chake, aliyekwisha kushika kitu kilekile na kuungua nacho. Hilo ndilo jambo ambalo nguvu za marafiki zinaleta: Barry anapata watu ambao hawezi kuwaambia “hamjui ilivyo”.

Kwa Caitlin mambo yanakwenda vibaya zaidi, na hapo ndipo msimu unaponichoma. Anaiogopa barafu kwa sababu inakuja na moyo mwingine, wa Killer Frost, usio na huruma. Anavaa mkufu wa kuizuia. Anajeruhiwa, yuko katika hatari ya kufa, na anawaambia wenzake wasiuvue mkufu, afadhali afe akiwa Caitlin. Moyo wake unasimama. Julian, anayempenda, anauvuta mkufu. Anafufuka, ila anayefumbua macho ni mwingine.

Wapo wanaomtetea Julian, nami naelewa. Mtu anayekupenda hawezi kusimama tu akakutazama ukifa. Lakini alichofanya ni kilekile alichofanya Barry mwaka 2000, kwa kipimo kidogo. Alisikia hapana, akaona mapenzi yake yanatosha kuifuta. Na Caitlin anapokwenda kujiunga na Savitar, sishangai. Savitar ndiye pekee ambaye hamtaki Caitlin arudi kuwa mtu wa zamani.

Kuna kipindi cha 19 ambacho ningekitetea mbele ya mtu yeyote. Barry anasafiri hadi mwaka 2024 kutafuta kujua Savitar ni nani, na anakuta nyumba ya urafiki wao imebaki magofu. Cisco hana mikono yake. Killer Frost aliigandisha, sasa anatumia ya bandia. Wally yuko kwenye kiti cha magurudumu, macho wazi, haongei. Joe anaishi na kaburi la binti yake. Caitlin yuko gerezani. Na Barry wa wakati huo amejifungia, nywele zimemwangukia usoni, amewaacha wote. Kipindi hicho hakimwonyeshi Savitar akiwamaliza mmoja mmoja. Kinaonyesha kwamba baada ya Iris kufa, Barry alijitoa, na wenzake wakavunjika kila mmoja kwenye kona yake. Kwa hiyo hata yule Barry asiyekuwa Savitar, aliyebaki na sura yake nzuri, naye alikuwa amefanya kosa la aina moja: alidhani Iris alikuwa msiba wake peke yake. Joe alimzaa. Wally ni ndugu yake.

Halafu kuna H.R. Huyu hana nguvu kabisa. Ametoka dunia nyingine, ambako kahawa ilikwisha kutoweka, akajitambulisha kama mwanasayansi, na ikabainika kwamba ni mwandishi wa riwaya. Anatembea na vijiti vyake vya ngoma, anasifu kila mtu, na nusu ya msimu wenzake wanamvumilia tu. Ndiye anayemwamini Tracy Brand, mwanafizikia kijana asiyejiamini, hadi anaikamilisha silaha ya kumnasa Savitar. Na ndiye anayeponyokwa na siri ya mahali alipofichwa Iris, akidhani anaongea na Barry kumbe anaongea na Savitar mwenye sura ileile.

Usiku wa mauaji, H.R. anavaa sura ya Iris kwa kutumia kifaa, na anakufa mahali pake.

Hapo kanuni ya kibanda umiza inapinduliwa mbele ya macho yetu. Rafiki anakufa, ndiyo, lakini kifo chake hakimpi stelingi hasira. Kinaizuia hasira isizaliwe. Katika kipindi cha mwisho, kilichorushwa Mei 23, 2017, Barry anafanya jambo ambalo watazamaji wengi waliliona la kipuuzi: anamwendea Savitar na kumpa nafasi arudi nyumbani. Anamleta S.T.A.R. Labs, akae na watu waliomkataa. Savitar anakuja kweli. Kwa dakika chache unamwona amekaa pale, uso wake ulioungua, akimsikiliza Iris, na unaanza kutumaini. Kisha anashindwa, anaondoka na kuwalipua. Nasikitika kila mara anapoondoka, ingawa najua ataondoka. Mwisho wake unatoka mikononi mwa Iris: mwandishi wa habari asiye na nguvu hata moja anampiga risasi akiwa mbioni kwenda kumuua Barry. Yule aliyepangiwa kufa ili mungu azaliwe ndiye anayemmaliza mungu.

Tamthilia ilijaribu tena wazo hili mwaka 2021, kwenye msimu wa saba, Barry alipopata uwezo wa kufikiri kwa kasi na hisia zikamtoka. Alikuwa tayari kumtoa Iris kwenye dunia ya vioo na kuwaacha wenzake waliokwama humo. Wazo zuri, likabanwa ndani ya kipindi kimoja, na kufikia hapo nguvu za marafiki zilikuwa zimeshazoeleka kiasi kwamba hakuna aliyelipa chochote kwa kuwa nazo. Wanaolalamika kuhusu mashujaa wengi wangeelekeza lawama zao huko, nami ningewaunga mkono.

Lalamiko langu kubwa ni jingine. Msimu wa tatu unaisha na Barry akiingia kwa hiari kwenye gereza la Speed Force, ile nguvu inayowapa wakimbiaji kasi yao, kwa sababu lisipokuwa na mtu ndani mji wote utateketea kwa radi. Anaagana na Iris, anawaachia wenzake mji. Msimu wa nne unapoanza, Oktoba 2017, imepita miezi sita: Iris ndiye kiongozi, Cisco na Wally wanapambana mitaani, Joe yuko nao. Wanachechemea, wanakosea, lakini mji umesimama. Ilikuwa tamthilia mpya kabisa, iliyopatikana kwa gharama ya msimu mzima, na ningeitazama hadi Krismasi bila kumuulizia Barry. Wakamtoa gerezani katika kipindi hichohicho cha kwanza. Vipindi vichache baadaye Wally, aliyekuwa ameibeba Central City miguuni mwake miezi yote hiyo, akaona hapo hana tena nafasi, akafungasha akaondoka, na mwaka 2018 akaenda kuwa shujaa kwenye tamthilia nyingine.