Gari Moja, Wazimamoto Ishirini: Hesabu Ambayo Kaunti Zinaikwepa

Soko likiungua au mtaa wa mabanda ukiteketea, lawama ya kwanza huwa ileile: gari la zimamoto lilikuja bila maji. Mara nyingi si kweli. Lilikuja na maji, yakaisha. Gari la lita 3,000 likifungua mipira miwili ya milimita 45, kila mmoja ukimwaga lita 450 kwa dakika, tangi linakauka baada ya dakika tatu na ushei. Kufikia hapo watu bado wanatoa magodoro na mitungi ya gesi. Gari linageuza kwenda kutafuta maji, na mwenye kibanda kinachowaka haoni dereva anayekwenda kujaza tangi, anaona serikali inayomkimbia. Ndipo mawe yanaporushwa.

Tangu Katiba ya 2010 ya Kenya, kupitia Jedwali la Nne, kuzipa kaunti zote 47 kazi ya zimamoto na usimamizi wa majanga, jibu la kaunti nyingi kwa lawama hiyo limekuwa kununua gari lingine. Gari jekundu, utepe, hotuba ya gavana, picha. Upande wa pili, wazimamoto wenyewe na wengi wanaowafundisha, wanasema gari ndilo kitu cha mwisho kinachokosekana: kwanza watu, kisha maji, kisha ukaguzi. Sisi tunaegemea upande huu wa pili, lakini anayenunua gari si mjinga wala si lazima awe mla rushwa. Ana sababu, na sababu yenyewe imeandikwa kwenye sheria.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Gari la zimamoto ni maendeleo. Mzimamoto ni mshahara. Waziri wa fedha wa kaunti ambaye tayari amevuka asilimia 35 kwa sababu ya wauguzi na makarani aliowarithi kutoka serikali ya kitaifa na mabaraza ya zamani ya miji, akiajiri wazimamoto 40 anamkasirisha Mdhibiti wa Bajeti. Akinunua magari mawili, anasifiwa kwa kutumia fedha za maendeleo. Kwa hiyo kaunti inakuwa na magari manne na zamu ya watu sita, na ununuzi wenyewe haukuvunja sheria yoyote.

Sasa tuhesabu hao watu. Gari moja linahitaji watano: kiongozi, dereva ambaye pia ndiye mwendesha pampu, wawili wa kuingia ndani, na mmoja wa kusimama mlangoni akiandika waliingia saa ngapi na hewa kiasi gani. Mwaka una saa 8,760. Mfanyakazi wa saa 48 kwa wiki, ukiondoa likizo, sikukuu, ugonjwa na siku za mafunzo, anabaki na saa kama 2,150. Gawanya: kila kiti kimoja garini kinahitaji watu wanne ili kisibaki wazi mchana na usiku. Viti vitano ni watu 20, na hapo hujamweka mpokea simu. Kaunti ikikwambia ina magari manne yanayofanya kazi saa 24, uliza kama ina wazimamoto 80.

Watu wakiwa watatu, kinachotokea ni hiki. Dereva hawezi kuacha pampu, maana shinikizo likishuka mwenzake ndani anabaki na mpira mlegevu. Wawili waliobaki ama wazime moto kutoka nje, ama waokoe mtu. Hawawezi yote mawili. Ndiyo maana moto mwingi hupigwa maji kupitia dirishani, njia ambayo wakati mwingine huusukuma moshi na mvuke kuelekea kwa aliyekwama chumba cha nyuma.

Vifaa vya kupumulia navyo vina hesabu yake. Mtungi wa lita sita uliojazwa hadi shinikizo la bar 300 una lita 1,800 za hewa. Kwenye karatasi ni dakika 45, kwa lita 40 kila dakika. Mtu anayepanda ngazi akivuta mpira uliojaa maji anakula lita 60 au zaidi, kwa hiyo ni nusu saa, na filimbi ya tahadhari inalia kwenye bar 55 hivi, wakati zimebaki dakika chache tu za kutoka nje. Kosa linalojirudia ni kununua mitungi bila kompresa ya hewa safi ya kuijazia. Mitungi inatumika mara moja, kisha inakaa rafuni ikipigwa picha siku za maonyesho. Kompresa ya karakana ya magari haifai kabisa: inatoa mvuke wa mafuta, na mvuke huo unaingia mapafuni.

Wanaotetea magari wana hoja moja ambayo haipingiki. Kaunti isiyo na gari hata moja humngoja jirani, na moto wa nyumba iliyojaa sofa za sponji unaweza kushika chumba kizima kabla ya dakika tano kwisha. Gari likitoka kaunti jirani, linakuja kumwagia majivu. Hoja yao ya pili ni ukubwa: kama lita 3,000 ni dakika tatu, nunua la lita 10,000. Hapa ndipo tunapotofautiana nao. Lita 10,000 ni tani kumi za maji pekee, kabla hujapima chuma. Gari hilo halipiti uchochoro wa soko la Gikomba wala njia ya mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, na kwenye barabara ya murram yenye kona, maji yakicheza tangini linapinduka. Hata likifika, kwa mipira ileile miwili ni dakika 11 tu. Afadhali gari la kati la lita 3,000 hadi 4,000 linalotangulia, na boza la kawaida la maji, hata la kukodi kwa mkataba uliotiwa saini kabla ya moto, linalofuata na kulilisha. Gavana hapendi boza kwa sababu halina king'ora.

Maji basi. Miji yetu ya zamani iliachiwa haidranti, yaani vichwa vya bomba vya kuchotea maji ya kuzimia moto, na wakoloni, na mabaraza yakaongeza chache. Nyingi zimefunikwa na lami au vibanda, vifuniko vimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na zilizo hai zimeunganishwa na bomba linalopata maji kwa mgao. Moto ukitokea siku isiyo ya mgao wa mtaa huo, unafungua unapata hewa. Kuzifufua zote ni kazi ya kampuni ya maji, si ya zimamoto, na kampuni hailipwi kwa maji ya kuzimia moto. Kwa hiyo hailifanyi jambo la dharura. Wanaosema tuanze na haidranti wana haki kiufundi, ila watasubiri sana.

Kuna njia fupi. Tangi tano za plastiki za lita 10,000 kando ya soko, zikiunganishwa chini kwa bomba moja nene lenye vali na kichwa cha zimamoto, ni lita 50,000: dakika 55 za mipira miwili bila gari kuondoka. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya gari. Mambo mawili huiharibu. La kwanza, wenye soko huchota maji ya kuoshea mboga, kwa hiyo tundu la matumizi ya kila siku liwekwe juu na la zimamoto chini, ili akiba isiguswe. La pili ni kiungio. Kenya ilirithi viungio vya Kiingereza, vya dume na jike, vinavyobofywa vikashikana. Magari ya hisani kutoka bara la Ulaya huja na viungio vya Storz, ambavyo pande zote mbili zinafanana na hufungwa kwa kuzungusha. Viwili hivyo haviingiliani. Kipande cha kuviunganisha kinatosha kwenye kiganja, na kisipokuwemo garini, magari mawili yanasimama bega kwa bega na hayawezi kupeana maji. Kila msaada wa gari uandikiwe sharti: viungio vibadilishwe kabla ya kupokelewa, na vipuri vya pampu viletwe pamoja.

Halafu kuna kaunti ambazo gari lenyewe ni jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Marsabit ina takriban kilomita za mraba 70,000, Nairobi haifiki 700. Huko zimamoto ya kweli ni landkruza yenye redio, maji ya kunywa, kamba za kisimani na mtu aliyefundishwa kufunga mfupa.

Lamu ni mfano mzuri zaidi. Mji wa kale, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vya kupita punda, na upande wa Langoni paa nyingi ni za makuti. Kaskazi ikivuma, cheche moja inaruka paa tatu. Gari la zimamoto linaishia ufukoni. Kinachofaa ni pampu ndogo za kubebwa na watu wawili au kupakiwa kwenye mkokoteni, zikiwekwa sehemu kadhaa za mji, pamoja na mipira ya kutosha: roli 12 za mita 25 ni mita 300, zinafika ndani kabisa. Maji yako baharini, bure, ila bahari ina masharti. Pampu hainyonyi maji yaliyo chini zaidi ya mita saba hivi, na kadiri inavyonyonya kutoka mbali ndivyo inavyotoa kidogo. Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa ukingo unarudi nyuma, na mpira wa kunyonyea uliopimwa maji yakiwa yamejaa haufiki. Kinachotakiwa ni kupima siku ya kupwa kwa bamvua, kisha kukata mpira kwa urefu huo. Baada ya kazi pampu isafishwe kwa maji matamu angalau dakika kumi, la sivyo chumvi huikamata na mara ya pili haizunguki. Kabla ya pampu, pia, kuna upondo wenye ndoano wa kuangusha makuti ya nyumba ya pili na ya tatu ili moto ukose daraja. Ni kifaa cha zamani na bado hakijapata mshindani.

Kwenye utafutaji na uokoaji mizani inageuka. Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia kutoka feri ya Likoni, na likaopolewa siku kumi na mbili baadaye, kina cha mita kama 58. Wapigambizi wa jeshi la wanamaji na wa kukodiwa kutoka nje walihitajika. Kuitaka kaunti ya Mombasa imiliki uwezo huo ni kuiomba ilishe farasi wa mashindano kwa mbio zinazokuja mara moja kila miaka kumi. Vivyo hivyo Huruma, Nairobi, Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita lilipoporomoka: wanajeshi, vijana wa NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, na Msalaba Mwekundu ndio waliobeba kazi nzito, na watu wanne walitolewa hai siku ya sita. Kamera za kupenya vifusi, vifaa vya kusikilizia na misumeno ya zege ni vya kitaifa.

Lakini saa mbili za kwanza Huruma zilikuwa za majirani, kama kawaida, na hapo kaunti inaweza kufanya kitu. Magogo ya kuegemezea ukuta, jeki za haidroliki, mikoba ya hewa ya kuinulia zege, mitarimbo, filimbi ya kuamuru kimya ili wanaolia wasikike, na ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kulizuia tingatinga. Tingatinga lisilozuiwa huua waliokuwa hai.

Wapo wanaosema basi turudishe yote Nairobi, tufanye kama Tanzania, iliyoondoa zimamoto kwenye halmashauri ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sheria ya 2007. Faida zake ni za kweli: nambari moja, 114, cheo kimoja, mafunzo mamoja, viungio vya aina moja. Kenya, 999 na 112 huishia polisi, na mwananchi anabaki kutafuta nambari ya mkononi ya kaunti yake. Hata hivyo amri moja haileti maji. Jengo lilipoanguka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, maswali yalikuwa yaleyale ya vifaa na muda. Tunachoweza kuiga bila kugusa Katiba ni kiwango kimoja cha viungio na mafunzo, na mikataba ya kaunti jirani inayosema wazi nani analipia dizeli na nani anafidia mzimamoto aliyeumia nje ya mpaka wake. Bila kipengele hicho cha mwisho, dereva mwenye busara husita mpakani.

Kuhusu Hazina ya Dharura, wengi huipigia hesabu kupita kiasi. Sheria inaruhusu itumike kwa lisiloweza kungojwa wala kutabirika, malipo yasizidi asilimia mbili ya mapato ya mwaka uliokaguliwa, na bunge la kaunti liombwe idhini ndani ya miezi miwili. Mafuriko ya masika yanatangazwa na Idara ya Hali ya Hewa kabla ya Machi. Boti na kamba ziwe kwenye bajeti ya kawaida.

Limebaki la ukaguzi, na hapa kaunti zote zina aibu. Cheti cha zimamoto kimekuwa risiti ya kulipia leseni: ofisa anatazama mtungi mwekundu ukutani, anaandika, anaondoka. Shule nazo ziko pengoni, kwa kuwa msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa na zimamoto ni ya kaunti. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21. Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu wa 2008 unataka mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano na ufunguke kwa nje, mita 1.2 kati ya vitanda, dirisha bila nondo. Kukagua hayo kunahitaji ofisa wa kaunti, barua moja ya makubaliano na mkurugenzi wa elimu, utepe wa kupimia, na fundi wa kuchomelea anayekuja siku hiyohiyo kukata nondo kabla ofisa hajaondoka. Ratiba ni usiku, saa tatu, vitanda vikiwa vimejaa, kwa sababu mchana magodoro ya ziada hufichwa stoo.