Nena Bwana, Maharage Yanaungua

Kama wazazi walikupa jina la Samweli, yule mtoto wa kwenye Biblia aliyeitwa na Mungu usiku, halafu ukakulia kwenye nyumba ya watu wa kanisani basi hii shida unaijua, hutakaa uitwe kwa amani maisha yako yote. Mimi tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza katekista akinikuta tu njiani ananisimamisha, "haya Samweli, ukiitwa usiku unasemaje?" na mimi mikono nyuma, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," mama anafurahi, mtu anatoa pipi, maisha yanaendelea. Nimekua, nina ndevu, na usiku sijawahi kuitwa na yeyote zaidi ya baba mwenye nyumba, ambaye naye haneni, anagonga.

Sasa 2023 mwezi wa saba parokiani kwetu wakamleta sista mmoja kutufundisha kusali, na yule sista anafundisha jamani nisiseme uongo, akatuambia nyie watu wa Dar mnasali kama mtu anayepiga simu ya kukopa, mnaongea weee halafu mnakata kabla upande wa pili haujasema hata haloo. Ndo akatupa habari za Ndugu Laurenti, mtawa wa Karmeli kule Paris karne ya 17, askari wa zamani aliumia mguu vitani akawa anachechemea, wenzake wakamweka jikoni miaka na miaka wakati jikoni kwenyewe alikuwa hapapendi hata kidogo, na humo humo kwenye makelele ya masufuria akawa anakaa na Mungu kama vile amepiga magoti mbele ya Ekaristi, yaani hata kimanda akikigeuza kwenye kikaango anakigeuza kwa kumpenda Mungu. Amekufa 1691 na mpaka leo watu wanajifunza kwake. Sista akasema jana imeshapita, kesho hujaiona, Mungu utamkuta hapo hapo ulipo, kwa hiyo tulia usikilize.

Nikasema huyu mzee wa kimanda ndiye wangu.

Jumuiya yetu ya kusali mtaani somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, ni Mtakatifu Martha, sikukuu 29 Julai (siku hizi anasherehekewa pamoja na ndugu zake Maria na Lazaro, Papa Fransisko aliwaunganisha mwaka 2021, naona ni haki maana Martha alipika peke yake muda mrefu sana), na mwaka ule ikaangukia Jumamosi. Wamama wakagawana vyakula kwenye grupu la watsapu, huyu pilau, huyu kuku, huyu kachumbari, ilipofika zamu ya bachela wa jumuiya grupu likapoa kidogo, wanaandika wanafuta, halafu mwenyekiti akatuma, "Samweli: maharage." Na vikono vya kusali pembeni.

Kilo tatu, ya njano. Kuloweka usiku sikuloweka, maana imeandikwa msisumbukie ya kesho kwa kuwa kesho itajisumbukia yenyewe, na mimi wiki hiyo nilikuwa naishi leo. Jumamosi asubuhi nikawasha jiko la mkaa uani, nikabandika, simu nikaiacha ndani ili isinitoe kwenye uwepo, nikavuta kigoda, rozari mkononi, nikafumba macho. Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu. Nikaacha.

Kichwa hakikuacha. Kilianza na kodi, kikapita kwa Simba na Yanga, kikaenda kwa yule dada wa kwaya sauti ya pili, nikakirudisha, kikaenda tena kwa sauti ya pili, nikakirudisha kwa nguvu. Ndo nikakumbuka nabii Eliya akimsubiri Mungu pale mlima Horebu, kwamba kwanza ulikuja upepo halafu tetemeko halafu moto na Bwana hakuwamo, nikasema ngoja nifuate utaratibu. Upepo ukapita kweli, ukaangusha shuka za watu kwenye kamba, nikasema Bwana hamo. Likapita lori la mchanga barabarani nyumba ikatikisika, nikasema hamo. Moto ulikuwepo muda wote chini ya sufuria, huo sikuuangalia. Nikabaki nasubiri ile sauti ndogo, ya utulivu.

Na ikaja.

Maharage yakiwa na maji ya kutosha yanachemka kwa fujo, bwata bwata bwata, kifuniko kinacheza. Sasa ile fujo ikaanza kupungua yenyewe taratibu, kifuniko kikatulia, ikawa kama mtu anashusha pumzi, mwisho kikabaki kitu chembamba mno, tsss, kinakatika, tsss, kinakatika tena. Mwili ukanisisimka kuanzia kisogoni. Nikasema hii ndiyo yenyewe, wazee wetu walikuwa hawadanganyi. Nikakazana kusikiliza, nikakaza na macho yasifunguke. Baada ya hapo ikaja harufu, moshi moshi hivi lakini na utamu ndani yake, nikasema ubani! Bwana ananifukizia na ubani, mimi mpangaji wa chumba kimoja, machozi yakaanza kunitoka (machozi yale nayo nikayahesabu kwenye neema, kumbe ni moshi).

"Samweli!"

Nikanyamaza, si unajua hata Samweli wa kwenye Biblia mara ya kwanza hakuelewa.

"Samweli wee!"

Moyo unadunda, rozari inacheza mkononi.

"WE SAMWELI!"

Ndugu zangu, miaka yote hiyo nimefanyia mazoezi jambo moja tu. Nikasimama, mikono juu, macho bado nimefumba, nikajibu kwa sauti ya mtu mzima, mtaa wote ukasikia, "NENA, BWANA, KWA KUWA MTUMISHI WAKO ANASIKIA!"

Pakawa kimya kidogo ng'ambo ya ukuta.

"Bwana gani? Mimi mama Zuwena, na bwana mwenyewe yuko huku ndani anakusikia. Maharage yako yanaungua!"

Nikafumbua macho. Uani hapaonekani. Nikakimbilia jiko, nikafunua, kwa juu yalikuwa maharage ya kawaida kabisa, mazuri tu, kwa chini ulikuwa ni mkaa unaoendelea. Nikachukua mwiko niokoe, ndo mama Zuwena akatokea getini na sufuria lake kubwa huku anapiga kelele, "Usikoroge! Ukikoroga umeyaua yote!" akaninyang'anya mwiko, akawa anachota yale ya juu taratibu anahamishia kwenye sufuria lake bila kugusa kitako. Akaongeza maji ya moto, akanituma nazi, akanituma vitunguu na hoho, akanituma karoti, mimi naenda na kurudi na rozari bado nimeivaa mkononi. Na huku anasema, na akisema mama Zuwena hata kuku wanasogea.

"Kilo tatu, mtu mzima, unazifumbia macho!"

"Nilikuwa nasali mama Zuwena."

"Sisi tunaswali mara tano kwa siku na mboga haziungui. Unaepua kwanza."

Hapo sikuwa na jibu, na mpaka leo naona lile ni fundisho la sala ambalo semina haikuligusa. Laurenti na yeye nina hakika macho yake yalikuwa kwenye kikaango, angekuwa anafumba kama mimi wale watawa wangemtoa jikoni mwezi wa kwanza.

Jioni tukakusanyika. Jumuiya yetu tunafuata zile hatua saba za kusoma Injili na kusali pamoja, zilizotokea taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, Injili ilikuwa Luka 10, mzee mmoja akaisoma polepole, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi," halafu hatua ya nne ni ukimya. Watu wote wameinamisha vichwa. Na katika ukimya ule ule upepo ukatoka upande wa meza ya chakula ukapita katikati yetu na harufu yake, nikaona pua moja inapanda, ya pili, ya tatu, mwenyekiti akafungua jicho moja akaniangalia mimi moja kwa moja bila hata kutafuta.

Kwenye kushirikishana nikaona bora niseme mwenyewe kabla sijasemewa. Nikaeleza yote, ubani, Horebu, nena Bwana. Wamama walicheka mpaka mmoja akatolewa nje na mtoto wake mgongoni. Bibi mmoja wa jumuiya, yule tunayemwogopa wote, yeye hakucheka, akasubiri watu wanyamaze.

"Mjukuu wangu, Martha aliambiwa anasumbuka na vitu vingi. Wewe hata kimoja hukusumbuka nacho."

Halafu akapakua. Akaonja, akatafuna kidogo, akaongeza mwiko wa pili, akasema yananukia kama ya kijijini kwao ya kuni, wa mjini mnakula vyakula havina moshi. Wazee wengine nao wakaja. Sufuria likaisha kabla ya pilau, wallahi pilau lilibaki, na mama aliyepika pilau mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu. Mwenyekiti akatangaza hapo hapo kwamba siku ya mavuno parokiani maharage ya jumuiya atapika Samweli, yale yale, asibadilishe kitu.

Jumapili nimetoka misa nipo uani nasugua sufuria langu na mchanga, nikasikia naitwa tena, safari hii sikujibu haraka, nikageuka kwanza. Zuwena kasimama getini.

"Shikamoo anko. Mama anataka sufuria lake. Na amesema kama leo unasali usiwashe jiko, atakuletea chakula."

"Marahaba. Mwambie mama nasali."