Karakana ya Jamii Zanzibar: Ngazi Ndiyo Shida Nyepesi

Kila pakitajwa karakana ya jamii hapa Zanzibar, hoja ya kwanza kusikika ni hii: tuipate kwanza hiyo karakana, habari ya watu wenye ulemavu tutaifikiria ikishasimama. Wanaoisema si watu wabaya. Ukumbi ambao mtu asiye na mtaji anaingia na kutumia msumeno wa umeme, charahani, mashine ya kuchomelea au printa ya 3D (mashine inayounda vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka) kwa ada ndogo bado ni kitu kigeni kwa wengi wetu. Mwanagenzi wa Kizanzibari hujifunza kwa fundi wake, chini ya banda au barazani, au huenda kituo cha Mafunzo ya Amali: Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Vitongoji kwa walioko Pemba. Fedha ni haba, na chumba chenye mashine tatu kinachofunguliwa mwezi ujao kinafaa kuliko mchoro mzuri unaolala ofisini miaka mitano.

Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu ya pili inaangushwa na hesabu. Mlango wa sentimita 90 haumgharimu mjenzi zaidi ya ule wa 70 kwa kiasi cha maana, ilimradi aambiwe kabla ya kuinua ukuta. Ukuta ukishasimama, utabomoa, utaondoa linta, yaani boriti iliyo juu ya mlango, na kupiga plasta upya. Meza ya kazi iliyoachwa wazi chini ili magoti ya aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu yaingie ni kazi ya siku moja ya seremala, tena hutumia mbao chache kuliko meza yenye makabati. Kitufe cha kuzimia mashine kikiwekwa mahali anapofikia mtu aliyekaa, aliyesimama naye atakifikia. Msanifu majengo wa Kimarekani Ronald Mace, ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu, alijenga fikra yake yote juu ya jambo hilo: chora tangu mwanzo kwa ajili ya watu wote, usije ukabandika viraka baadaye.

Mji Mkongwe, hata hivyo, unazijaribu fikra za Mace vibaya sana. Wengi wanapenda karakana ya ubunifu iwe huko, karibu na mafundi wa nakshi na wageni wanaonunua. Lakini Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na uso wa jengo haubadilishwi kwa matakwa ya mpangaji. Chukua nyumba yenye vidaraja vitatu mlangoni, kila kimoja sentimita 15. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za mteremko. Hapo unahitaji mita 5 na sentimita 40, kwenye kichochoro ambacho pikipiki na mkokoteni vinapishana kwa shida. Wahifadhi wana haki wanaposema haiwezekani, na mtu aliyebaki nje na kiti chake ana haki vilevile. Mlango wa nyuma au mteremko wa mbao unaoondolewa jioni husaidia pale vidaraja ni kimoja au viwili. Kwa nyumba nyingine jibu ni kutafuta jengo jingine, hata kama picha zake hazitapendeza.

Wapo wanaosema basi twende nje ya mji, Tunguu au Fumba, kwenye viwanja vipana. Sawa, ukumbi utakuwa tambarare. Lakini kuingia kwenye daladala na kiti cha magurudumu ni mtihani, na kukodi gari kila siku kunaweza kuzidi ada ya karakana. Mimi ningetazama kwanza Ng'ambo, mitaa inayopakana na Mji Mkongwe, mahali watu wanapoishi.

Hoja nzito zaidi ya wanaosita ni usalama. Msimamizi wa karakana ndiye atakayeulizwa kidole kikikatika, kwa hiyo anapoona mtu asiyeona anasogelea msumeno, jibu lake ni "hapana". Hofu hiyo siidharau. Ila tuangalie inatazama wapi. Mwaka 2011, seremala Richard van As wa Johannesburg, aliyeijua kazi yake na mwenye macho mazima, alikatwa vidole na msumeno. Yeye na Ivan Owen wa Marekani, wakisaidiana kwa mbali, walibuni mkono bandia wa kuchapwa kwa printa ya 3D na kuuachia mchoro wake bure kwa watu wote. Macho na uzoefu havikumkinga. Kinachokinga ni kinga ya msumeno, kalibu inayoongoza ubao, na mtu aliyefundishwa na kupimwa. Maseremala wasioona hutumia rula inayotoa mlio kila inapovuka moja ya kumi na sita ya inchi, na wanapima kwa usahihi ambao wengi wetu wenye macho tunaukosa kwa haraka zetu. Kwa kiziwi, taa inayomulika hufanya kazi ya king'ora.

Hata hivyo kuna mashine ambazo baadhi ya watu hawapaswi kuzitumia peke yao, na kulificha hilo kwa jina la usawa ni kuhatarisha maisha. Tofauti iko katika namna uamuzi unavyofanywa. Kanuni isemayo "wasioona hawaruhusiwi" inahukumu kundi zima. Kanuni isemayo "hakuna anayewasha mashine hii kabla ya kufaulu jaribio lake" inampima kila mtu, akiwemo kijana mzima wa viungo anayefanya pupa. Ndiyo maana naona ngazi ni shida nyepesi: fundi anaweza kuitengenezea mteremko kwa wiki moja, au ukatafuta jengo jingine, ilhali anayeshika funguo za chumba cha mashine na kuamua kwa kumtazama mtu usoni haondolewi na fundi yeyote.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazipa pande zote mbili silaha. Unasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana ni ubaguzi. Unasema pia kwamba marekebisho hayo yasiwe mzigo usio na uwiano. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Kwa hiyo swali la kisheria si kama karakana inawajibika. Swali ni mzigo unaanza kuwa mkubwa wapi, na hapo lazima hesabu ziwekwe mezani, siyo neno "gharama" likitajwa mazungumzo yafungwe.

Kisha kuna swali la kuwafundisha watu wote pamoja au kila kundi peke yake. Wanaotaka madarasa tofauti wana hoja niliyokuwa naipuuza kirahisi: viziwi wanajifunza vizuri pale lugha ya alama ndiyo lugha ya chumba, siyo pale mkalimani mmoja anapowafukuzia maneno ya mwalimu huku mikono na macho ya wote iko kwenye kazi. Ningewapa saa zao, ndani ya ukumbi uleule na mashine zilezile. Darasa linapohamishiwa jengo lake, mara nyingi huishia kwenye ushonaji na ukili wa kutengenezea mikeka. Kusuka ukili ni ufundi wa heshima, lakini nani alimuuliza msichana asiyeona kama angependa kutengeneza redio?

Tena watu wenye ulemavu si wanafunzi tu humo ndani. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki, alikwenda Nicaragua mwaka 1980, akaanza kuunda pamoja na watumiaji wenyewe viti vinavyohimili njia mbovu na kutengenezeka katika karakana ndogo. Viti vingi vya msaada vina magurudumu membamba ya mbele, yaliyokusudiwa sakafu laini. Yapeleke kwenye mchanga wa Nungwi uone. Anayejua kwa nini yanazama ni yule anayesukumwa humo kila siku, na ndiye anayepaswa kuwa kwenye kamati inayoamua mashine ipi inunuliwe.

Kinachobaki ni mshahara. Mfadhili hununua printa kwa furaha kwa sababu inapigika picha. Mkalimani wa lugha ya alama na msaidizi wa zamu hawapigiki picha, na gharama yao hurudi kila mwezi. Ningeliuliza kila ombi la karakana swali moja: nani anawalipa hawa mwaka wa pili, mradi ukishafungwa? Likiwa halina jibu, heri printa ingoje.